Real Unión ya Irún: Klabu ya Mpakani

Real Unión ni klabu ya kandanda ya Irún, mji wa Wabaski ulioko kaskazini mwa Hispania, pale mto Bidasoa unapoigawa nchi hiyo na Ufaransa. Imetwaa Kombe la Mfalme mara nne, na ni mojawapo ya klabu kumi zilizoianzisha Ligi Kuu ya Hispania mwaka 1929. Ilishuka kutoka ligi hiyo mwaka 1932 na haijarudi tena. Sehemu kubwa ya maisha yake imepita katika madaraja ambayo wapenzi wengi wa kandanda la Hispania hawayafuatilii. Makombe na kule kushuka husimuliwa kana kwamba ni habari za klabu mbili, moja kubwa ya zamani na nyingine nyonge ya leo. Chanzo cha yote mawili ni kimoja. Irún ilikuwa na karibu kila kitu kinachotakiwa ili kushinda mashindano ya mtoano, na ilipungukiwa karibu kila kitu kinachotakiwa ili kudumu katika ligi. Bahati mbaya yake ni kwamba ligi ndiyo iliyokuja kutawala mchezo wote.

Mji wenyewe ni zao la mpaka. Reli ya kutoka Madrid ilikamilika hadi Irún mwaka 1864 na kukutana na reli ya Ufaransa ng'ambo ya mto, lakini treni hazikuweza kuendelea na safari. Hispania ilikuwa imejenga reli pana kuliko za jirani yake, kwa tofauti inayozidi sentimita 20. Kwa hiyo abiria walishuka na kupanda treni nyingine, mizigo ikahamishwa behewa kwa behewa, na katikati ya kushusha na kupakia walikaa watu wa forodha. Mawakala, makarani, wachukuzi na wenye nyumba za wageni wote waliishi kwa kizuizi hicho. Mtoni, hatua chache kutoka mjini, kuna kisiwa kidogo cha Faisanes ambako Mkataba wa Pyrenees ulitiwa saini mwaka 1659. Mpaka leo kisiwa hicho huwa mikononi mwa Hispania kwa miezi sita na mikononi mwa Ufaransa kwa miezi sita mingine. Katika mji wa namna hiyo kitu kutoka ng'ambo hakimshangazi mtu.

Kandanda liliingia Hispania kupitia mahali ambapo Waingereza walikuwa na shughuli: migodi ya Huelva, iliyozaa klabu ya Recreativo mwaka 1889, na bandari ya Bilbao yenye meli za chuma na makaa. Irún haikuwa na migodi wala bandari kubwa. Ilikuwa na mpaka, na vijana wa familia zenye uwezo waliokwenda na kurudi. Katika muongo wa kwanza wa karne ya 20 mji ulikwisha kuwa na klabu mbili, Irún Sporting Club na Racing Club de Irún. Hata miaka ishirini baadaye wakazi wake hawakufika elfu ishirini, na kwa hesabu hiyo klabu mbili zilikuwa nyingi. Lakini ushindani wa mitaa miwili ya mji mmoja una ukali ambao shirikisho lolote haliwezi kuununua, na ukali huo ndio uliowanoa wachezaji wa kwanza.

Taji la kwanza lilikuja mwaka 1913, na hadi leo linahitaji maelezo. Mwaka huo kandanda la Hispania lilikuwa limegawanyika baada ya ugomvi wa viongozi, kukawa na vyama viwili, kila kimoja kikiandaa kombe lake la taifa. Barcelona ilishinda la upande mmoja. Upande wa pili Racing de Irún ilikutana na Athletic Bilbao mjini Madrid, ikatoka nayo sare ya mabao 2-2, kisha ikaifunga 1-0 katika mechi ya marudiano. Shirikisho la Hispania linayatambua makombe yote mawili, na hesabu ya makombe manne ya Real Unión inaanzia hapo, ingawa jina la Real Unión lilikuwa bado halijazaliwa. Wapo wanaoona kwamba kikombe cha nusu ya taifa ni nusu ya kikombe. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama waliofungwa siku ile wasingekuwa Athletic, timu iliyoogopwa kuliko zote kaskazini.

Mwaka 1915 klabu hizo mbili ziliungana. Sababu ilikuwa wazi kwa kila mtu: mji uliokuwa ukijimaliza wenyewe kila Jumapili ungeweza, kwa kuweka miguu yake pamoja, kuwakabili San Sebastián na Bilbao. Mfalme Alfonso XIII, aliyependa kutumia majira ya joto kando ya bahari ya Gipuzkoa, mkoa wa Irún, aliipa klabu mpya heshima ya kujiita ya kifalme, ikawa Real Unión, Muungano wa Kifalme. Ilivaa nyeupe na nyeusi, na mpaka leo mashabiki huiita kwa Kibaski txuri-beltz, weupe-weusi. Wakati huo Ulaya ilikuwa vitani na Hispania ilikuwa imejitenga na vita hivyo ikiuza bidhaa kwa pande zote. Mji wa forodha ulijua faida ya msimamo huo.

Miaka mitatu baada ya kuungana, Real Unión ilikwenda Madrid kucheza fainali ya mwaka 1918 dhidi ya Madrid FC, klabu inayojulikana leo kama Real Madrid, ikaifunga 2-0 mbele ya watu wake. Kikosini alikuwamo kiungo René Petit, ambaye maisha yake peke yake yanaeleza mengi kuhusu Irún. Alizaliwa Dax, Ufaransa, akakulia Hondarribia, mji wa wavuvi ulioko jirani kabisa na Irún. Aliichezea Madrid alipokuwa mwanafunzi na kushinda nayo Kombe la Mfalme mwaka 1917. Mwaka mmoja baadaye alilishinda tena, safari hii akiwa na Real Unión dhidi ya wenzake wa jana. Mpira ulikuwa pumziko lake. Kazi yake ilikuwa uhandisi, na baadaye alishughulika na mabwawa, likiwamo lile kubwa la Yesa. Leo mchezaji wa kiwango chake asingeruhusiwa hata kuwaza shule.

Uhasama wa kaskazini uliwaka kiasi kwamba mwaka huohuo wa 1918 mashindano ya kanda yalivunjika. Klabu za Gipuzkoa, yaani Real Unión na Real Sociedad, na zile za Bizkaia, yaani Athletic na Arenas, hazikuweza tena kukaa katika chama kimoja, kila mkoa ukafungua wake. Kwa Irún mgawanyiko huo ulikuwa baraka. Tangu hapo njia ya kufika Kombe la Mfalme ilipita katika ubingwa wa mkoa wa Gipuzkoa, ambako mpinzani wa kweli alikuwa mmoja tu, Real Sociedad ya San Sebastián, umbali wa kilomita 20 hivi. Mabingwa wa mikoa ndio walioingia kombe. Klabu yenye miguu mizuri na mfuko mwepesi iliweza kumaliza msimu mzima bila gharama ya safari ndefu, ikalifikia taifa ikiwa na nguvu zake zote.

Mwaka 1920 timu ya taifa ya Hispania ilicheza mechi yake ya kwanza kabisa, katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Ubelgiji. Ilikuwa tarehe 28 Agosti, dhidi ya Denmark, mjini Brussels, na Hispania ilishinda 1-0. Aliyefunga alikuwa Patricio Arabolaza wa Real Unión. Bao la kwanza la nchi ambayo baadaye ingekuwa bingwa wa dunia lilifungwa na kijana wa mji wa mpakani. Katika mashindano hayohayo Petit alikuwa amevaa jezi ya Ufaransa. Klabu moja yenye uwanja mmoja ilitoa wachezaji kwa mataifa mawili, jambo ambalo Irún hawakuliona la ajabu.

Fainali ya 1922 ilikwenda vibaya. Barcelona iliishinda Real Unión 5-1 mjini Vigo, katika mchezo uliokumbukwa kwa ubabe wake. Viongozi wa klabu walitafuta kocha, wakampata mmoja wa majina makubwa ya Uingereza. Steve Bloomer alikuwa ameifungia nchi yake mabao 28 katika mechi 23, akaenda kufundisha Berlin mwaka 1914, vita vikamkuta huko akawekwa katika kambi ya raia wa maadui huko Ruhleben hadi karibu na mwisho wa vita. Alipofika Irún alikuta kikosi ambacho tayari kilijua kucheza. Kilichokosekana ni utaratibu. Mwaka 1924 Real Unión iliitoa Barcelona katika nusu fainali baada ya kurudiana, kisha ikaifunga Real Madrid 1-0 katika fainali iliyochezwa San Sebastián. Ilikuwa fainali ya pili kati ya timu hizo katika miaka sita, na mara ya pili watu wa Madrid walirudi mikono mitupu. Takwimu moja inatosha kuonyesha zama zile: kati ya 1917 na 1934 Real Madrid haikushinda Kombe la Mfalme hata mara moja, na katika muda huo Real Unión ililishinda mara tatu.

Mwaka 1926 ulileta mambo mawili yaliyovutana. La kwanza ni uwanja. Salvador Echeandía Gal, mzaliwa wa Irún aliyetajirika kwa sabuni na manukato ya kampuni ya Gal, aliisaidia klabu ya nyumbani kwao kupata uwanja mpya, nao ukaitwa Stadium Gal, jina ulilonalo hadi sasa. Siku hizi viwanja vinavyobeba majina ya wafanyabiashara huonekana ni uvumbuzi wa karne hii. Irún walikwisha kuwa na wao. La pili ni sheria. Mwaka huohuo Hispania ilikubali rasmi wachezaji wa kulipwa. Kabla ya hapo malipo yalikuwapo, lakini ya kificho na madogo, na yalitolewa mara nyingi kwa njia ya kutafutiwa kazi. Sasa klabu ingeweza kumtajia mchezaji bei yake hadharani, na klabu nyingine ikataja bei kubwa zaidi.

Athari hazikuonekana mara moja. Mwaka 1927 Real Unión ilifika tena fainali, Zaragoza, na mpinzani wake alikuwa Arenas ya Getxo, timu ya mji mwingine mdogo wa Wabaski ulio karibu na mdomo wa mto wa Bilbao. Ulikuwa mchezo mgumu wa dakika tisini bila bao, ukaamuliwa katika muda wa nyongeza na José Echeveste, ambaye alikuwa amefunga pia katika fainali ya 1924. Fainali ya taifa zima ilikuwa imefikiwa na timu za miji miwili ambayo jumla ya wakazi wake isingejaza uwanja mkubwa wa siku hizi, na hakuna aliyesema kombe limeharibika. Hilo lilikuwa taji la mwisho la Real Unión.

Inafaa kuuliza kwa nini yaliwezekana yote hayo. Jibu la kawaida ni kwamba kandanda lilikuwa bado changa, na hilo ni kweli lakini halitoshi. Miji mingine midogo mingi ilikuwapo katika Hispania changa na haikushinda chochote. Irún ilikuwa na kizazi kimoja cha watu wenye kipaji kisicho cha kawaida waliozaliwa kando ya mto mmoja: Arabolaza, Petit, Echeveste, Francisco Gamborena aliyeshika kiungo kwa miaka mingi, Juan Errazquin aliyezaliwa Argentina akafa mapema mwaka 1931, kipa Antonio Emery, na baadaye ndugu wawili, Luis na Pedro Regueiro. Walijuana tangu utotoni. Kombe liliwataka wawe wazuri kwa wiki chache za mwaka, nao waliweza. Halikuwataka wawe wengi. Halikuuliza kama uwanja ulikuwa na viti elfu thelathini, wala kama mchezaji wa kumi na tano alikuwa na kiwango cha wa kwanza.

Ligi iliuliza yote hayo. Cha kusikitisha, au cha kuchekesha kwa anayetazama kwa mbali, ni kwamba Real Unión ilikuwa miongoni mwa waliopigania ligi ianzishwe. Mwaka 1927 na 1928 klabu za Hispania ziligawanyika kambi mbili. Kambi moja ilitaka ligi yenye timu nyingi. Nyingine ilitaka ligi ndogo ya klabu zilizowahi kushinda Kombe la Mfalme peke yake, nazo zilikuwa sita: Athletic, Barcelona, Real Madrid, Real Sociedad, Arenas na Real Unión. Irún ilisimama na wateule, na kwa kipimo cha makombe nafasi hiyo ilikuwa haki yake. Suluhu ya Novemba 1928 iliongeza timu tatu zilizowahi kufungwa fainali, yaani Atlético ya Madrid, Español na Europa za Barcelona, pamoja na Racing ya Santander iliyopita kwa mchujo. Zikawa kumi.

Ligi ilianza tarehe 10 Februari 1929. Real Unión ilikuwa ugenini Barcelona kwa Español, na bao linalohesabiwa kuwa la kwanza katika historia ya Ligi Kuu ya Hispania lilifungwa katika mechi hiyo na José Prats, aliyeitwa Pitus. Kipa aliyefungwa bao hilo alikuwa Antonio Emery. Mechi iliisha 3-2 kwa Español. Kwa Irún huo ulikuwa mwanzo wa hesabu mpya: mechi 18 kwa msimu, nusu yake ugenini, safari za treni za kuvuka nchi, na kila baada ya wiki mbili mechi ya nyumbani ambayo mapato yake ya kiingilio yalipimwa na idadi ya wakazi wa mji. Barcelona na Madrid zilikuwa na miji ya watu karibu milioni moja kila mmoja. Hapakuwa na mgawo wa televisheni wala mdhamini wa kufidia tofauti hiyo. Mshahara wa wachezaji ulitoka mlangoni.

Klabu ilistahimili misimu mitatu. Mwaka 1931 jamhuri ilitangazwa, mfalme akaondoka nchini, na klabu zote zilizojiita za kifalme zikavua taji. Real Unión ikawa Unión Club. Lililoumiza zaidi mwaka huo halikuwa jina. Luis Regueiro, mshambuliaji bora kuliko wote waliobaki, alikwenda Madrid, na nduguye akafuata. Hivyo ndivyo ligi ilivyokuwa ikifanya kazi tangu mwanzo: iliwakutanisha wakubwa na wadogo mara mbili kwa mwaka, wakubwa wakapata nafasi nzuri ya kuchagua. Msimu wa 1931-32 timu iliburuza mkia na kushuka daraja. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu fainali ya Zaragoza.

Haikuwa peke yake. Europa, klabu ya mtaa wa Gràcia mjini Barcelona, ilikuwa imeshuka mwaka mmoja kabla. Arenas, iliyoshinda kombe mwaka 1919 kwa kuifunga Barcelona 5-2, ilishuka mwaka 1935. Katika waanzilishi kumi, hao watatu ndio pekee waliotoka Ligi Kuu bila kuirudia tena. Ni rahisi kusema kwamba walishindwa. Ukitazama orodha ya waliosalia, miji mikubwa na miji mikuu ya mikoa, unaona kwamba mashindano yenyewe yalibadilisha kitu yanachokipima.

Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vilifika Irún kabla ya kufika sehemu nyingi za nchi. Majeshi ya waasi yalitaka kuifunga njia ya kwenda Ufaransa, na mapema Septemba 1936 mji ulianguka. Wanamgambo waliokuwa wakirudi nyuma waliuchoma moto. Maelfu ya watu walivuka mto kwenda Hendaye, upande wa Ufaransa, na walichoweza kubeba. Sehemu kubwa ya katikati ya mji ilibaki majivu. Luis Regueiro, aliyekuwa ameifungia Hispania dhidi ya Italia katika Kombe la Dunia la 1934, aliondoka mwaka 1937 na timu ya Wabaski iliyozunguka Ulaya na kisha Amerika kuchangisha fedha. Wengi wao hawakurudi. Alibaki Mexico, na mwanawe aliyezaliwa huko alikuwamo katika kikosi cha Mexico kwenye Kombe la Dunia la 1966.

Miongo iliyofuata haina mengi ya kusimulia. Klabu ilirudishiwa jina lake la kifalme chini ya utawala wa Franco, ikapanda na kushuka kati ya Daraja la Pili na la Tatu hadi mwaka 1965, ilipoliaga la Pili. Vipaji havikukauka, ila havikukaa. Javier Irureta, mzaliwa wa Irún, alipita hapo akiwa kijana kabla ya kwenda Atlético Madrid, na mwaka 2000 akawa kocha aliyeipa Deportivo La Coruña ubingwa wake wa pekee wa Hispania. Mapenzi ya mji nayo yaligawanyika. Timu ya mpira wa mikono ya Bidasoa ilitwaa ubingwa wa klabu za Ulaya mwaka 1995, jambo ambalo kandanda la Irún halijawahi hata kulikaribia. Na tarehe 1 Januari 1993, soko la pamoja la Ulaya lilipoondoa ukaguzi wa bidhaa mipakani, kazi za forodha zilizoujenga mji zilitoweka karibu kwa usiku mmoja.

Kilichobaki kwa Real Unión ni kombe. Vuli ya mwaka 2008, ikiwa katika Segunda B, daraja la tatu la wakati huo, ilipangiwa Real Madrid, bingwa mtetezi wa ligi. Mechi ya kwanza, Stadium Gal, iliisha 3-2 kwa wenyeji. Wengi waliichukulia kama zawadi ya heshima: mji umepata usiku wake, na Santiago Bernabéu, uwanja wa Madrid, utarekebisha mambo. Tarehe 11 Novemba mambo yalikuwa yakirekebishwa kama ilivyotarajiwa. Zikiwa zimebaki dakika chache Madrid iliongoza 4-2, na kwa jumla ya mechi mbili 6-5. Hapo Eneko Romo akafunga. Jumla ikawa 6-6, na kwa kuwa Real Unión ilikuwa imefunga mabao matatu ugenini dhidi ya mawili ya Madrid kule Irún, sheria ya bao la ugenini ikaivusha. Bernd Schuster, kocha wa Madrid, alifukuzwa mwezi uliofuata, ingawa si kwa usiku huo peke yake.

Magazeti yaliita hilo muujiza. Neno hilo haliwatendei haki waliocheza. Kufunga mabao sita dhidi ya Real Madrid katika mechi mbili, matatu kati yake Bernabéu, ni kazi ya timu iliyokataa kujilinda tu, na kikosi hicho cha kocha Iñaki Alonso kilikuwa kizuri kiasi kwamba mwisho wa msimu huohuo kilipanda Daraja la Pili, miaka 44 baada ya klabu kuliacha. Na hapo hesabu ya kale ilirudi. Daraja la Pili lina mechi 42, safari hadi Andalusia na visiwa vya Canary, na wapinzani wenye bajeti za klabu zilizotoka Ligi Kuu juzi. Real Unión ilishuka baada ya msimu mmoja. Timu iliyoimudu Real Madrid kwa dakika 180 haikuimudu ratiba ya miezi kumi.

Shirikisho la Hispania lenyewe limekuja kuitambua tofauti hiyo. Tangu msimu wa 2019-20 raundi za mwanzo za Kombe la Mfalme huchezwa mechi moja tu, kwenye uwanja wa timu ya daraja la chini, na klabu ndogo zimefaidika. Alcoyano iliitoa Real Madrid kwa njia hiyo Januari 2021. Upande wa ligi mabadiliko yalikwenda kinyume. Mwaka 2021 Segunda B ilivunjwa, na juu ya mabaki yake ikajengwa Primera RFEF, daraja la tatu la timu 40 katika makundi mawili, lenye masharti makubwa zaidi ya fedha na viwanja. Real Unión ilianza nayo. Sehemu ya wapinzani wake katika ngazi hiyo zilikuwa timu za akiba za klabu kubwa, ikiwamo ya Real Sociedad, ile jirani iliyokuwa ikigombea nayo ubingwa wa Gipuzkoa.

Katika kiangazi cha mwaka huohuo hisa nyingi za klabu zilinunuliwa na familia ya Unai Emery, mzaliwa wa Hondarribia, kocha aliyekuwa ametoka kushinda Ligi ya Europa na Villarreal mwezi Mei. Antonio Emery, kipa wa miaka ya 1920, ni babu yake. Baba yake Juan pia alikuwa kipa na aliichezea Real Unión. Igor, nduguye Unai, akachukua kiti cha urais. Fedha za kocha mmoja, hata akiwa wa kiwango cha juu Ulaya, haziigeuzi Irún kuwa Bilbao, na familia haikununua klabu kwa ahadi ya Ligi Kuu. Irún ina wakazi 60,000 na kidogo, mara kadhaa ya walioishi humo siku za Bloomer, na abiria bado hubadilisha treni mpakani kwa sababu reli za kawaida za pande mbili hazijawahi kulingana upana.